Kikohozi cha Shauki

Siku aliyokufa Shauki, mtu wa kwanza kubisha hodi hakuja kutoa pole. Alikuwa Mama Safwat wa ghorofa ya nne, yumo ndani ya gauni la kulalia, simu ameinyanyua juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani.

"Mama Hatim, mwambie Haji neti imekatika. Safwat yuko katikati ya mtihani."

Inshirah alisimama na kitasa mkononi. Nyuma yake, kwenye kijichumba cha nyaya, mumewe alikuwa amelala chini ubavu, waya wa bluu umejizungusha kwenye kiganja chake. Alipoanguka aliung'oa. Inshirah alikuwa ndiyo kwanza amemfumba macho.

"Haji amekufa," alisema.

"La haula!" Mama Safwat alijipiga kifua, akamkumbatia, akalia. Alilia kweli, tusimsingizie. Kisha, machozi yakimtiririka, akachungulia juu ya bega la mjane. "Na ile taa ya kijani, mpenzi wangu, huwa inawaka au huwa haiwaki?"

Jengo lile la mtaa wa Shubra lilikuwa na kaya kumi na nane, na zote zilikula kwenye sahani moja ya Shauki. Yeye ndiye aliyelipia laini, akaisambaza kwa nyaya zilizopanda ngazi, zikapita madirishani, zikaruka hadi paa la jirani. Basi kabla ya adhuhuri waliokuja walikuwa saba. Watatu walileta pole, wanne malalamiko, na wote walikunywa kahawa chungu. Marehemu akiwa bado anaoshwa, mhandisi wa ghorofa ya pili aliomba ruhusa kwa adabu kubwa, akaingia kijichumbani na bisibisi. Neti ikarudi adhuhuri. Shauki akazikwa alasiri.

Watu walisema alikuwa mtu wa kompyuta, naye alilikubali jina hilo. Kwa miaka kumi na tano alikuwa na chumba cha intaneti pale chini, mashine kumi na mbili zimepangwa ukutani kama wanafunzi walioadhibiwa. Kila baada ya miaka miwili alinunua mashine zenye mbio kuliko zilizopita. Na kila mara mbio zile zililiwa na vitu vipya, vizito zaidi, mpaka wateja wakarudi kukodolea macho kijiduara kinachozunguka, kwa muda uleule wa zamani, ila sasa kijiduara kilikuwa na rangi nzuri.

"Wanakimbiza farasi," Shauki alizoea kusema, "ili wawahi kupanga foleni."

Kisha intaneti ikaingia mifukoni mwa watu, na chumba kikawa duka la kuku. Shauki alibaki na mashine moja tu, aliyoipandisha juu, kwenye kona ya sebule. Ilikuwa boksi la rangi ya meno ya mvutaji, linalounguruma likiwashwa. Inshirah aliifumia kitambaa cha kuifunika, kama alivyoifumia televisheni. Humo ndimo zilimokuwa sauti za kaseti.

Kaseti zenyewe zilikuwa kumi na moja. Shauki alizirekodi Iraq miaka ile ya vita, wanaume wa kule wakiwa mstari wa mbele na Wamisri wameshika majembe yao. Alifanya kazi kiwanda cha saruji, na kuandika barua hakukupenda. Kwa hiyo alinunua redio ya kurekodia, akawa anazungumza dakika sitini nzima, kisha anampa kaseti yeyote anayerudi nyumbani. Nusu ya kila kaseti ilikuwa kikohozi, maana vumbi la saruji halikumwacha. Alikohoa, akatafuta neno, akalikosa, akaanza upya. Lakini alikuwa na desturi moja. Kila alipouliza swali, alingoja ajibiwe.

"Inshirah, mtoto ameota meno?" Halafu kimya. Mjini Basra, mtu mzima ameketi kitandani, anaitazama redio, anampa mkewe nafasi ya kusema. Na Inshirah, jikoni kwake Shubra, akikaanga mabilingani na mtoto mgongoni, alijibu. "Mawili ya chini, na ameniuma." Kimya kikaisha, Shauki akakohoa, akasema, "Vizuri sana," na mazungumzo yakaendelea. Mama mkwe wake aliwahi kusimama mlangoni akasikiliza, kisha akaenda kumwambia binti yake kwamba mwanamke amerukwa na akili, tena kwa gharama ya betri.

Miaka ishirini baadaye Shauki alizimimina kaseti zote ndani ya kompyuta, moja moja, jioni kumi na moja. Alipomaliza alizitupa. "Kaseti huliwa na ukungu," alisema kwa fahari. "Diski hailiwi na kitu." Ni yeye aliyesema hivyo, Mungu amrehemu.

Hatim, yule aliyeota meno, sasa ana miaka arobaini na moja, kitambi, na kazi ya kuuza kompyuta kwenye duka kubwa la Mji wa Nasr. Ni mtoto mwema. Ila amekaa na bidhaa muda mrefu mno, na akizungumza ni kama unasoma ubavu wa boksi. Wiki ya nne ya msiba alikuja na mashine mpya, nyembamba kama mkate uliokanyagwa.

"Mama, hii ndani ina chipu inayofikiri."

"Inafikiri nini?"

"Chochote kile."

"Sasa hivi inafikiri nini?"

"Sasa hivi imezimwa, Mama."

"Basi imetuzidi sote akili."

Hatim alicheka, akambusu kichwani, akaanza kazi. Alisema zamani kompyuta ilikuwa bawabu: unampa mzigo, anaushika, anakurudishia. Hii siyo bawabu. Hii inaupokea mzigo, inaufungua, inaupiga pasi. Inshirah alimuuliza kama inajua kwamba mzigo si wake. Hatim hakusikia, alikuwa anatafuta waya. Mashine mpya ilikuwa na tundu moja tu, la umeme, na ilibidi akope viunganishi vitatu kwenye duka lake ili hizo mashine mbili zisalimiane.

Jioni alijinyoosha. "Tayari. Sauti za Baba zote zimo humu. Na tutamsikiliza siku ya arobaini, mbele ya watu. Lile jeneza pale kwenye kona unaweza kulitoa."

Jumatatu ilipopita sauti ya mnunua vikorokoro, Shahata, na punda wake na kipaza sauti chake kilichopasuka, Inshirah alitoka kwenye roshani akamwita. Shahata alipanda ngazi akihema. Aliliangalia boksi, akaligonga kwa vidole kama tikitimaji.

"Nikupe beseni la bluu, Mama Hatim."

"Beseni na kikapu cha vibanio vya nguo."

"Mama, hii ni ya enzi za Farao!"

"Basi peleka makumbusho. Beseni na vibanio."

Alipewa vyote viwili. Alimwambia Shahata aondoke na kila kitu, hata vumbi lake asimwachie. Alijisikia mwepesi. Sebule ilipata nafasi ya kiti.

Siku ya arobaini sheikh alisoma, akapewa chake, akaondoka. Wanawake walibaki ndani na sahani za mkate mtamu. Hatim aliiweka mashine juu ya meza, akaigusa, na marehemu akaanza kuzungumza.

"Mpendwa Inshirah. Natumaini sauti hii inakukuta ukiwa na afya njema."

Sebule nzima ilishusha pumzi. Sauti ilikuwa safi kama sahani ya wageni. Haikuwa na vumbi wala mkwamo, na neno halikutafutwa hata moja. Katika miaka arobaini na miwili ya ndoa Shauki hakumwita mpendwa hata siku ya harusi. Alimwita "wewe", na akifurahi sana, "wewe bibi".

"Mashallah!" alisema Mama Safwat. "Kama mtangazaji wa redio! Wangu mimi akifa ataniachia mikoromo tu."

"Imeondoa kelele," Hatim alieleza, kifua mbele. "Na palipokatika imejaza yenyewe. Zilikuwa saa kumi na moja, Mama. Sasa ni saa moja na dakika hamsini na mbili."

Kwenye kioo yalitokea maandishi, kwa ajili ya wasio na muda hata huo: *Shauki yuko salama. Anauliza habari za mtoto. Anaomba soksi.*

"Inshirah, mtoto ameota meno?" iliuliza sauti.

Inshirah alifungua mdomo. "Mawili ya—"

"Tafadhali nitumie soksi, za sufu ikiwezekana," sauti iliendelea.

Wanawake walimgeukia. Inshirah alifunga mdomo. Shauki alikuwa amemkatiza mara nyingi maishani, mezani, barabarani, mbele ya mashemeji, lakini ndani ya kaseti hakuwahi. Mle ndimo mahali pekee duniani alipojua kunyamaza. Sauti iliuliza swali la pili, la tatu, la nne, yote yamepangwa kama matofali, huwezi kupenyeza ukucha.

"Vile vimya viko wapi?" aliuliza.

"Vimya gani?"

"Alivyokuwa ananingoja."

Hatim alifikiri. "Aa, zile sehemu tupu. Zinaondolewa zenyewe, Mama. Hazina habari ndani yake." Kisha uso ukamng'aa. "Lakini kama unataka kuongea naye, sasa utaongea kwelikweli! Hii inaweza kumfanya ajibu. Muulize kitu. Muulize tu."

Wanawake walisogeza viti. Mmoja alisema ni haramu, akasogea karibu zaidi. Inshirah aliuangalia ule mkate wa chuma juu ya meza yake.

"Shauki," alisema, "kifua kinaendeleaje?"

"Niko salama kabisa, asante kwa kuuliza!" ilijibu sauti ya mumewe. "Je, kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Mama Safwat aliangua kilio cha furaha. Inshirah aliinuka, akakusanya vikombe, akaenda jikoni. Hatim alimfuata.

"Huyo si yeye," Inshirah alisema.

"Ni yeye, Mama. Ni yeye bora zaidi."

"Nani alikwambia nilimtaka bora? Nilipomtaka bora alikuwa hai, na nilimwambia kila siku. Hakubadilika. Sasa amekufa, mniachie alivyokuwa." Alifungua bomba, akalifunga. "Ile sauti yake ya mwanzo iko wapi?"

Hatim alikuna shingo. "Ikishaboresha inafuta ya zamani. Ndiyo uzuri wake, haikujazii nafasi."

"Nani aliomba nafasi?"

"Itakuwa bado iko kwenye ile kompyuta ya..." Hakumaliza. Beseni la bluu lilikuwa palepale kwenye sinki, nguo zake nyeusi zimelowekwa humo. Inshirah alikuwa amemuuza mumewe kwa mikono yake, na kwa kupatana bei. Alikaa kwenye stuli ya jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya waya wa bluu, alilia kwa sauti.

Jumatatu aliketi kwenye roshani tangu asubuhi. Alipomsikia punda alimwita Shahata kwa sauti iliyotoa watu madirishani.

"Kompyuta yangu!"

"Mama, ulisema hata vumbi lake hulitaki!"

"Nalitaka. Na vumbi."

Shahata aliapa kwa watoto wake kwamba alikwisha kuitoa, kwa Fundi Rizk, yule wa soko la Ijumaa, chini ya daraja. Ijumaa Inshirah alikwenda. Hatim alimpeleka kwa gari, amenuna, na suruali yake nyeupe.

Fundi Rizk alikuwa ameketi juu ya televisheni iliyolala chali, akila maharage. Mbele yake vilikuwa vimetandazwa vyote ambavyo dunia ilikuwa imevishangilia: simu za kukunja, kamera, vitufe, vioo. Alimpima Hatim kwa macho, kuanzia viatu.

"Unafanya kazi gani, bwana?"

"Nauza kompyuta. Mpya."

"Kumbe sisi ni washirika! Wewe unawaambia watupe, mimi naokota. Tungeandika ubao mmoja." Alimgeukia Inshirah, akafuta mkono, akasimama. "Pole, Mama. Naiona nguo. Ulikuwa unatafuta nini?"

Inshirah alieleza. Fundi Rizk alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wiki hiyo hakuna mwingine aliyelifanya. Alisema boksi alikwisha kulichinja. Vile vipande vya kumbukumbu viliondoka siku hiyohiyo, maana siku hizi vya zamani vinagombewa. Viwanda vinapeleka vipya vyote kwenye mabohari ya mashine kubwa zinazofikiri, na mtu wa kawaida anabaki kuokota vya marehemu.

"Zinafikiri nini huko bohari?" aliuliza Inshirah.

"Zinafikiri namna ya kumuuzia huyu bwana nyingine," alisema Rizk, akimwonyesha Hatim kwa kipande cha mkate. "Lakini diski, Mama, hazina mteja. Ziko kwenye lile tenga la nyanya. Kesho zinakwenda kuyeyushwa."

Ndani ya tenga zilikuwamo diski zaidi ya mia, zote za kijivu, zote baridi, kama samaki wasio na macho. Inshirah alipiga magoti juu ya lami. Alijua anatafuta nini. Shauki alikuwa amepoteza parafujo moja, na kwa kuwa kununua parafujo kulimaanisha kutoka nje, aliibandika diski kwa plasta ya kidonda. Inshirah alimgombeza kwa ajili ya plasta hiyo. Alimwambia kompyuta haijajikata.

Hatim alisimama kidogo, akatazama huku na huku kama yuko mtu wa Mji wa Nasr wa kumwona. Kisha naye akapiga magoti, suruali nyeupe na yote. Walichambua kama wanaochambua mchele. Ni yeye aliyeiona.

"Mama. Plasta."

Ilikuwa imechakaa, imekuwa nyeusi pembeni, lakini bado imeshika. Haikuwa tayari kumwachia mtu.

Hatim alitoa mashine yake mpya kwenye mkoba, akaigeuza, akatafuta pa kuchomeka diski, akairudisha mkobani. Fundi Rizk hakucheka, na hilo lilikuwa kali kuliko kicheko. Alivuta kompyuta moja nzito kutoka chini ya turubai, vitufe vyake vimefutika herufi, akaiunganisha. Diski ilizunguka, ikakwaruza, ikasita, ikazunguka tena.

"Inasaga meno," alisema Rizk. "Imeanguka kwenye mkokoteni, hii. Nitajaribu. Nikitoa kaseti moja unishukuru, nikitoa mbili unibusu. Usiniombe zaidi."

Walikaa hapo mpaka soko likaanza kukunjwa. Rizk aliagiza chai mara tatu. Diski ilikuwa ikitoa kidogo, inakwama, anaigonga kwa kidole, anaisemesha kama punda, inatoa tena. Mwishowe ilitoa mlio mmoja mrefu, na baada ya hapo haikuzunguka tena. Alichotoa Rizk kilikuwa kaseti ya nne, nzima, na ya tisa mpaka katikati. Zile nyingine tisa zilikwisha.

Aliweka spika ndogo juu ya televisheni iliyolala. Kikohozi kilitoka kwanza. Kilikuwa kikohozi kirefu, kichafu, chenye saruji, mpaka mwuza viatu wa pembeni akageuka kutazama ni nani anayehitaji maji. Inshirah alishika ukingo wa tenga.

"Wewe bibi," alisema Shauki. "Yaani. Nilitaka kukwambia... yaani, kile kitu. Kile." Alikohoa. "Nimesahau. Hatim je? Amesimama?"

Kimya. Kwa mbali, ndani ya kimya kile, kulikuwa na feni ya Basra, na mtu anaburuta kiti chumba cha pili.

Hatim alinyoosha mkono kuelekea kwenye vitufe. "Imekwama tena."

"Haijakwama," alisema mama yake. "Anangoja. Amekuuliza wewe. Mjibu."

Hatim alitazama spika, akamtazama Rizk, ambaye ghafla alipata kazi ya kufanya ndani ya glasi yake ya chai. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Alichelewa. Shauki alikohoa, akasema, "Vizuri sana," akaingia kwenye habari za maharage ya kiwandani, jinsi yanavyopikwa bila bizari na watu wasiomjua Mungu.

"Fundi," alisema Hatim, na sauti yake haikuwa ya boksi lolote. "Irudishe nyuma kidogo."

Rizk alirudisha.

Kompyuta ya Rizk, yenye vitufe vilivyofutika, sasa iko sebuleni Shubra, mahali pa kile kiti. Waya wake ni mmoja tu, wa umeme. Mashine mpya Hatim aliichukua kwake. Kila Alhamisi, saa nane mchana, Inshirah huwasha kaseti ya nne, na majirani wanajua kwamba kwa saa moja hiyo hafungui mlango, hata neti ikikatika.